Wifi ya Televisheni na Wifi wa Kwenye Mkeka

Jumatatu, 16 Juni 2025

Siku ya kumi na moja. Wifi yangu Kulusum alikuja kutoka Koboko kula Idi. Siku mbili tu, alisema. Mfuko mmoja wa plastiki, kanga mbili, mswaki. Idi imepita, nyama imekwisha, mifupa amekula mbwa wa jirani. Mswaki bado uko bafuni kwangu.

Kulusum ni dada wa mume wangu, Swaib. Mumewe yuko Juba na malori hadi Desemba. Hapa Arua wengi wangemwita muramu, lakini yeye alikulia kambi ya jeshi Jinja, baba yao sajini, na kambini walisema wifi. Basi yeye wifi, mimi wifi, toka asubuhi wifi, wifi, wifi. Nimechoka hata na neno lenyewe.

Kazi yake ni moja: televisheni. Swaib aliinunua Aru, ng'ambo ya mpaka wa Vurra anakopitisha mizigo ya watu forodhani. Kubwa kama mlango, inavuta intaneti yenyewe hewani. Kulusum amegundua humo tamthilia ya yatima anayependwa na ndugu wawili matajiri. Sehemu mia moja na themanini. Yuko ya sitini na moja.

Leo ndiyo kiama. Mama mkwe amepiga simu kutoka Lurujo, kijijini kwao upande wa Koboko. Amesema amesikia Kulusum amepapenda kwetu, kwa hiyo wikendi hii ataletewa sanduku lake la bati akae moja kwa moja. Akae wapi? Chumba cha nyuma. Chumba cha nyuma! Chumba cha cherehani yangu! Ninashona sare za shule tatu mle. Nina meza ya kukatia, nina dirisha zuri, nina mlango wa kuwafungia nje watu wenye maneno. Swaib akasema cherehani inaweza kukaa barazani, kuna hewa safi. Hewa safi! Na vumbi? Na mbuzi wa jirani, je?

Nikakaa nikafikiri. Mgeni hafukuzwi, hasa dada wa mume. Lakini mgeni anaweza kuchoka mwenyewe. Kulusum anakaa kwa ajili ya yatima. Yatima anakuja kwa wifi, ile ya intaneti, ambayo wengine wanaitamka waifai, lakini huku inatamkwa na kuandikwa wifi vilevile. Zima wifi ya televisheni, yatima kwisha, Kulusum kwenda. Akiondoka kabla ya sanduku kufika, chumba kinabaki changu.

Akili kama hii kuishia kwenye vifungo vya mashati ni hasara kwa taifa.

Jumanne, 17 Juni

Kisanduku cha intaneti chenyewe sikigusi. Swaib anakitumia kutuma karatasi za forodha asubuhi kabla ya kwenda Vurra. Kikizimika atanuna wiki nzima. Lazima izimike kwenye televisheni peke yake, na ionekane imejifia.

Kulusum akaingia kuoga. Anaoga nusu saa, anaimba. Nikachukua rimoti. Loo! Maandishi yote Kifaransa! Televisheni ya kutoka Aru, ng'ambo ambako ofisi zote ni Kifaransa, nilitegemea nini? Mimi nilisoma Kitale hadi kidato cha nne, Kiswahili nilipata alama ya juu shule nzima, ngeli zote ninazo kichwani. Kifaransa najua neno moja, "oui", maana yake ndiyo. Basi kila ilipouliza, nikajibu ndiyo. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mtu mwenye adabu hakatai.

Ghafla televisheni ikaanza kusema. Sauti ya mwanamume, nzito, tamu. Ukibonyeza chochote anakusomea kwa Kifaransa. Ukinyamaza, anakuuliza kitu. Sikuweza kumnyamazisha.

Kulusum akatoka bafuni, akasimama kumsikiliza, akakaa. Akasema televisheni sasa iko na heshima, inasalimia mutu. Amekaa naye mchana kutwa. Anabonyeza, yule anajibu, Kulusum anacheka na kujifunika kanga. Badala ya kumtoa mgeni mmoja nimeingiza wa pili.

Na yatima bado yupo. Sehemu ya sabini na mbili.

Jumatano, 18 Juni

Nimemwendea mtaalamu. Adriko, fundi wa simu na televisheni, kijana wa Adumi mwenye kibanda karibu na soko. Sikwenda mwenyewe, maana mtaa huu una macho. Nilimwandikia ujumbe kwa simu, Kiswahili sanifu, kila kitu mahali pake:

"Fundi, nataka kuzima wifi hapa nyumbani. Swaib asijue. Ionekane imekufa yenyewe."

Akajibu baada ya dakika kumi. Adriko anaandika kama wanavyosema huku, kila kitu "iko", lakini amenifahamu. Ninanakili hapa nisije nikapoteza:

"Sawa mama. Kuzima wifi iko kazi kidogo. Ngoja ilale kwanza. Ikilala finya nyuma, hesabu mpaka ishirini. Hata ikipiga kelele usiachilie. Ikiamka tena mimi nakuja na bisibisi. Usiogope. Hapa Arua nimezima wifi mingi sana, hata ya sheikh."

Mtu wa kazi huyo! Nikaacha simu mezani, nikaenda kugeuza ugali. Kulusum akaniomba aitumie kumpigia mama yake, yake haina chaji. Nikamwambia chukua, wifi yangu, jisikie nyumbani. Nilikuwa na furaha, hata sauti yangu ilikuwa ya asali.

Sijui wana nini yeye na mama yake, maana nilimsikia anaita halo, halo, kisha vidole tu vinagonga kioo.

Baada ya chakula alijilaza kwenye mkeka, kichwa karibu na kabati la televisheni, macho yamefumbwa. Televisheni nayo imelala, taa yake nyekundu tu inawaka. Nikaona ndiyo saa. Nikavua ndala. Nikanyata. Kitufe kiko nyuma, na ili kukifikia ilinibidi nimpite Kulusum juu kwa juu, mguu huku, mguu kule, mikono miwili mbele, vidole vimetanuliwa. Nikaanza kuhesabu kwa kunong'ona. Moja. Mbili.

Akafumbua macho.

Yule mwanamke ana mapafu! Mama Scovia, jirani, alikuja na mwiko mkononi akidhani ni nyoka. Nikasema nilikuwa napangusa vumbi.  Kulusum alirudi nyuma kwa makalio mpaka ukutani, akabaki hapo.

Alhamisi, 19 Juni

Inafanya kazi! Kitufe sikukifinya sawasawa na wifi bado inawaka, lakini Kulusum amebadilika. Nadhani intaneti imepungua nguvu, naye anaisikia mwilini.

Dalili: Hajalala. Amekaa ameegemea ukuta tangu jana, mgongo umebandikwa. Nikipita nyuma ya kiti anageuka pamoja na kiti. Chakula changu hataki. Anakula mayai ya kuchemsha tu, na anayamenya mwenyewe. Yatima alikuwa anaolewa leo, Kulusum hakumtazama. Alinitazama mimi.

Nikamuuliza kwa upole kama anaumwa. Akajibu hapana, wifi yako iko sawa, wifi yako iko macho. Alikaza sana neno hilo la macho.

Saa nne simu ikalia kwa ujumbe. Ilikuwa mezani, mbele yake. Adriko: "Kesho asubuhi nakuja na bisibisi. Wifi iko ndani?" Nikajibu haraka haraka mkono mmoja, mwingine una unga: "Iko. Haijui chochote." Nikaacha simu, nikaendelea na unga wangu. Naimba tangu mchana. Swaib ameuliza kuna nini, nikasema napenda maisha.

Ijumaa, 20 Juni

AMEONDOKA!

Nimeamka, mkeka uko wazi. Ndala zake hata hakuzichukua. Mama Scovia amemwona alfajiri akipanda gari la Koboko peku, kanga moja begani, mswaki mkononi kama kisu. Mswaki umeondoka! Nilikwenda bafuni kuhakikisha. Nikapiga vigelegele peke yangu mle ndani.

Nikamwandikia Adriko asije, mambo yamekwisha bila bisibisi. Akajibu hongera mama, mkono yako iko mzuri.

Siku njema kabisa. Nimefagia chumba changu. Nimeisogeza cherehani dirishani, nimeitia mafuta, nimeshona mashati tisa ya kaki bila kuvunja sindano. Nilikuwa karibu kuibusu. Hii ndiyo haki ya mtu, mlango wake na cherehani yake.

Saa kumi Swaib akarudi kutoka Vurra mapema. Uso umekunjamana. Hakukaa. Akasema mama yake amepiga simu, analia. Kesho tunatakiwa Lurujo wote wawili, mbele ya ukoo na mwenyekiti wa kijiji. Tumlete na fundi Adriko. Nikauliza kuna nini. Akaniuliza yeye, tena kwa sauti ndogo, kama ni kweli nilitaka kumuua dada yake.

Mimi? Nimuue? Mimi kuku nachinjiwa na jirani!

Jumamosi, 21 Juni

 Lurujo. Watu wamejaa ua mzima kama kuna matanga. Mama mkwe amefunga kanga tumboni. Kulusum amekaa katikati ya shangazi watatu, wamempa uji. Mwenyekiti ni Mzee Saturnino, koplo mstaafu, jirani wa miaka yote. Meza mbele yake, na juu ya meza simu ya mama mkwe.

Kumbe Kulusum alisoma ujumbe wote! Jumatano alipoazima simu yangu ndipo jibu la Adriko lilikuwa wazi mbele yake. Akautuma kwa simu ya mama mkwe. Na ule wa Alhamisi pia, nilipokuwa nimerudi kwenye unga. Mama mkwe hajui kusoma, Ijumaa akampelekea mwenyekiti, na mwenyekiti akausomea kijiji.

Mzee Saturnino akasoma tena, polepole, kijeshi. Nataka kuzima wifi. Swaib asijue. Ionekane imekufa yenyewe. Wanawake wakashika vichwa. Ngoja ilale. Finya nyuma. Hata ikipiga kelele usiachilie. Shangazi mmoja akatoka nje kutapika. Kulusum akasimama, akasema Jumatano alijifanya amelala ili anipime, akaonyesha kwa vidole vyake jinsi nilivyomjia. Alionyesha vizuri mno, hata mimi niliogopa.

Nikaomba kusema. Nikasema si wifi huyu, ni wifi ile! Wakauliza ipi. Nikasema ya hewani. Wakatazama juu.

Hapo nikaona nitumie elimu. Nikasimama wima. Nikasema: wazee wangu, lugha ina ngeli. Wifi mtu, unasema amelala, ameamka. Wifi ya intaneti, imelala, imeamka. Tazameni ujumbe! Ilale, ikilala, ikiamka, imekufa. I! I! I! Ni kitu, si mtu! Nilijisikia niko Kitale mbele ya darasa. Nikakaa nikijua nimeshinda.

Mzee Saturnino akakohoa. Akamuuliza mama mkwe, bibi yake Swaib mzaa baba yuko wapi. Mama mkwe akajibu: bibi iko nyumba. Na kiti? Kiti iko nyumba. Na mbuzi? Mbuzi iko huko nje. Na mwenyekiti wenu? Mwenyekiti iko hapa. Akanigeukia akasema, mke wa Swaib, hapa mutu iko, mbuzi iko, kiti iko. Hiyo i yako hapana saidia wewe. Halafu akanisomea jibu langu mwenyewe la Alhamisi, kuhusu wifi kama iko ndani. "Iko. Haijui chochote."

Ua mzima ukaguna. Swaib akainamisha kichwa, na mimi hapo nikaona kweli nyumba yangu inaniponyoka. Sikuwaza tena chumba. Niliogopa.

Akaitwa Adriko. Huyu hakuambiwa sababu, alidhani ameitwa kazini, amevaa shati safi. Akaweka mfuko wa vyombo mezani, bisibisi ikatokeza. Wanawake wakasogea nyuma. Mwenyekiti akamuuliza kama ni kweli anazima wifi. Akasema ndiyo, ndiyo kazi yake. Amezima ngapi? Akahesabu kwa vidole, akasema mwaka huu kama arobaini. Kwa nini watu wanataka zizimwe? Akasema zinasumbua, zinakula sana, watoto hawasomi. Wanaume wawili watatu wakatikisa kichwa kukubali, wake zao wakawatazama. Hutumia nini? Vidole tu, mzee. Na hazipigi kelele? Akasema nyingine inalia ti-ti-ti, lakini ukikaza inanyamaza. Nyingine inafufuka yenyewe baada ya dakika mbili.

Mama mkwe akaanguka. Si kuzimia hasa, alichagua upande wenye mkeka.

Shangazi wakamkamata Adriko shati. Ndipo akapiga ukelele kwamba anaweza kuonyesha, atazima mbele ya watu wote, hakuna atakayeumia! Mwenyekiti akagonga meza. Akaamua: kesho wote Arua. Fundi atazima wifi mbele ya mashahidi. Kulusum akifa, kesi iko. Kulusum akibaki, hakuna kesi. Kulusum akauliza kama ni lazima yeye awepo.

Jumapili, 22 Juni

Wamekuja kumi na wanne, kwa pikapu. Nyuma ya pikapu nikaona sanduku la bati. La nini, nikauliza. Mama mkwe akasema liko limepakiwa tangu Alhamisi, gari ni moja, kwa nini lirudi. 

Wakajaa sebuleni. Televisheni ikawashwa. Yule Mfaransa akawasalimia, shangazi wakaitikia. Yatima akatokea, amevaa shela, analia. Kulusum akawekwa kwenye kiti peke yake, mama yake amemshika mkono, Mzee Saturnino amesimama na saa.

Adriko akabonyeza mara nne, akapotea kwenye Kifaransa, akarudi, akapata. Jasho linamtoka. Akatangaza kwa sauti: sasa nazima wifi!

Watu wote wakamgeukia Kulusum.

Yatima akaganda mdomo wazi.  Kulusum akajipapasa kichwa, kifua, magoti yote mawili. Akasema: mimi iko!

Vigelegele! Swaib alinikumbatia mbele ya mama yake, na sijui lini mara ya mwisho alifanya hivyo. Machozi yakanitoka. Mzee Saturnino hakuridhika, akaagiza irudiwe. Wifi ikawashwa, ikazimwa, ikawashwa, mara sita. Mara zote sita walimtazama Kulusum, na mara zote sita alijipapasa. Mwishoni mzee akaandika kwenye karatasi kwamba wifi ziko mbili, moja ya damu na moja ya hewa, na kwamba mke wa Swaib hana kosa ila Kiswahili kingi.

Nimeshinda! Nikamimina chai. Nikawaambia njia ya Koboko ni ndefu, wasichelewe.

Hakuna aliyeinuka. Wifi ilikuwa imewashwa. Mama mkwe akauliza huyu mtoto analia nini. Kulusum akaanza kumweleza, akaona haeleweki, akamrudishia mwanzo. Sehemu ya kwanza. Yatima bado mtoto, mama yake anakufa mvuani. Mama mkwe akavua viatu.

Saa kumi na moja jioni akatoa uamuzi. Amenisamehe kabisa. Na ili watu wa Lurujo wajue kweli amenisamehe, yeye mwenyewe atakaa hapa na Kulusum mpaka yatima apate haki yake. Sehemu mia moja na themanini. Wawili chumba cha nyuma.

Cherehani yangu ilibebwa na Swaib upande mmoja na Mzee Saturnino upande wa pili. Waliiweka barazani taratibu sana. Nimelia tena, na safari hii si kwa furaha.

Jumatatu, 23 Juni

Barazani. Upepo umeniletea vumbi la barabara nzima. Mbuzi amekula mkono mmoja wa shati la mwanafunzi, mkono wa kulia. Mwalimu mkuu ametuma mtu kuuliza sare. Ndani yule Mfaransa anasalimia na mama mkwe anacheka. Wako sehemu ya kumi na nne.

Adriko amepita kuchukua bisibisi yake. Anatembea pembeni pembeni bado. Nikamuuliza chini chini: wifi mtu hawezi kuigusa tena, sawa, lakini ndani ya televisheni hakuna kitu kingine? Kitu kikifa hakifufuki? Akaangalia huku na huku. Akasema kuna bodi kubwa ndani, mafundi wanaiita mama. Mama ikiungua, basi, televisheni ni ya kuwekea maua. Kazi ya dakika mbili. Nikitaka, nimwandikie tu siku gani.

Kosa langu la kwanza nimeliona. Lilikuwa neno lenye maana mbili, na mimi mtu wa lugha nilipaswa kujua. Sasa nimekaa na simu nusu saa, nimepima kila herufi, nimesoma mara tatu. Hakuna neno wifi hata mahali pamoja. Nimetuma:

"Fundi, nataka mama ife kabla ya Ijumaa. Swaib asijue. Ionekane ni umeme."